Sogea Kwenye Mwangaza

Mtu akishika bastola mbele ya kamera, hutabasamu. Sijui kwa nini. Nimewaona wengi katika miaka yangu ya gazeti, Wazungu, Wahindi na sisi wenyewe, na karibu wote walitabasamu, hata yule aliyekuwa bado anatetemeka. Mkono umeshika chuma cha kuulia, lakini uso hauna habari; uso unafanya kile ulichozoea kufanya mbele ya kamera, arusini na kwenye ubatizo. Nawaambia hili mapema, wanangu mnaoanza kazi, kwa sababu siku moja mtatumwa kwa mtu aliyejitetea kwa risasi, mtarudi na picha ya mtu anayetabasamu, na mhariri wenu ataipenda mno. Hapo ndipo muanze kuogopa.

Mimi ni Rukia binti Omari. Nilizaliwa Mombasa, nikaletwa Nairobi na baba yangu, aliyekuwa karani katika duka la vitambaa katikati ya mji. Gazetini niliingia miaka michache baada ya uhuru, nikiandika habari za Kiswahili. Gazeti lenyewe silitaji. Lilishakufa, na marehemu hasemwi vibaya. Nitamsema kidogo tu. Ofisi yetu ilikuwa karibu na River Road, juu ya duka la baiskeli, na nilikuwa mwanamke peke yangu katika chumba cha waandishi. Mwanzoni wenzangu walilicheka buibui langu. Baadaye waligundua kwamba watu humwambia mwanamke wa buibui mambo wasiyomwambia polisi, wakaacha kucheka, wakaanza kunibembeleza niwaulizie maswali yao.

Bastola ilikuwa habari tamu wakati ule, kama ilivyo leo. Nilipopata nafasi nilipekua magazeti ya zamani yaliyolundikwa stoo, nikaona jinsi mambo yalivyokwenda. Siku za mkoloni, mama wa Kizungu akipigwa picha na bastola yake, chini waliandika kwamba mama mwenye nyumba yuko tayari. Mwafrika akikutwa na kitu hicho hicho, aliandikwa kuwa ni hatari kwa umma, na picha yake ilikuwa ya pingu. Uhuru ulipokuja, baadhi ya wafanyabiashara wetu nao wakapewa leseni, na gazeti letu likageuka kama kinyonga. Sasa mwenye duka mwenye bastola alikuwa shujaa. Mhariri wetu aliwatafuta mashujaa hao kama mtu anayetafuta mbuzi wa Idi.

Kwa mfano, nilitumwa Spring Valley kwa bibi mmoja wa Kizungu aliyekuwa amewatimua majambazi bustanini kwa risasi mbili. Bibi alinisimulia vizuri sana, chai mkononi. Mimi nina tabia yangu, na nawashauri muiige: mkishamaliza sebuleni, pitieni jikoni. Jikoni nilimkuta mpishi anamenya viazi, nikamuuliza majambazi walikuwa wangapi.

"Hakukuwa na jambazi, mama," akasema. "Ilikuwa suruali yangu. Nilikuwa nimeianika kwa ua."

Akanionyesha. Suruali ilikuwa na matundu mawili, na bibi, kusema kweli, alikuwa na shabaha. Nilicheka mpaka nikajishika mbavu. Mpishi hakucheka. Aliendelea kumenya viazi, akaniuliza, "Na kama ningekuwa ndani yake?"

Niliandika habari ya suruali. Mhariri akaisoma, akacheka kuliko mimi, akaita watu wa matbaa waje wacheke pia, kisha akachapisha majambazi. "Rukia," alisema, "suruali haiuzi gazeti." Basi huyo ndiye mtu tuliyefanya kazi naye. Hakuwa mbaya. Alijua wasomaji wanataka nini, na aliwapa, hata kama kitu chenyewe hakikuwepo.

Mpiga picha wetu alikuwa Mzee Shee, Mwamu wa Lamu, mwembamba, kofia yake ya viua haimtoki kichwani. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, ingawa hakuwa mwandishi. Alinifundisha kufika mahali na kunyamaza kwanza. Alinifundisha kwamba mtu akilia usimpe leso haraka, kwa sababu ukimpa leso ataacha kusema. Na alinifundisha kuogopa giza. Filamu za siku zile zilikuwa vipofu. Chumbani ukipiga bila balbu ya kumulika, ulipata masizi matupu. Balbu moja hutumika mara moja, inaungua, na mhariri wetu alikuwa mchoyo wa balbu kuliko wa mshahara. Kwa hiyo Mzee Shee alikuwa na neno moja alilomwambia kila mtu, maskini kwa waziri: sogea kwenye mwangaza. Na watu walisogea. Nilimwona akimsogeza askofu. Nilimwona akimsogeza maiti, Mungu amsamehe, jeneza na wabebaji wake, kutoka kivuli cha mti hadi juani. Hakuna aliyewahi kumbishia. Mwenye kamera akikuambia usogee, miguu inasogea kabla hujafikiri.

Mkumbuke neno hilo, kwa sababu karibu limpeleke mtu kitanzini.

Mtu mwenyewe aliitwa Musyoka. Alikuwa Mkamba wa Machakos, mzee wa kanisa, na katika ujana wake alikuwa askari katika vita vya Wazungu kule Burma. Alikuwa na duka Dagoretti Corner, kando ya barabara ya Ngong, na bastola yenye leseni aliyoinunua kwa mlowezi aliyekuwa anafunga virago. Jioni moja, akitaka kufunga, waliingia wanaume watatu. Mmoja alikuwa na panga, akaparamia kaunta. Musyoka alifyatua risasi moja. Yule mwenye panga alipigwa ubavuni, akatoka nje mbio, akaanguka kando ya barabara. Wenzake walikimbia, na panga wakaondoka nalo. Polisi walimpeleka majeruhi hospitali kuu, na kwa kuwa leseni ilikuwa sawa, walimwambia Musyoka aipeleke bastola kituoni kesho yake ikakaguliwe. Majeruhi alikufa kabla ya asubuhi.

Sisi tulifika mchana wake. Musyoka alikuwa amevaa koti, anajiandaa kwenda kituoni, kofia yake ya pama iko juu ya kaunta. Nilifanya kama nilivyofundishwa. Nilinyamaza kwanza, kisha nikamuuliza alisimama wapi.

"Hapa," akasema, akaingia nyuma ya kaunta. "Hapa hapa. Yeye alikuwa hapo, karibu hivi, mkono yake imeinuka na ile panga. Ningenyoosha mkono ningemshika shati. Mimi sikutaka kuua mtu, mama. Nilitaka hiyo mkono ishuke."

Alisema panga lilipiga kaunta. Niliinama nikatazama. Ubao ule ulikuwa na makovu ya miaka mingi ya kukatia sabuni ya mche, huwezi kujua lipi la kisu na lipi la panga. Fundi viatu wa jirani alikuwa mlangoni, nikamuuliza yeye aliona nini. "Mimi?" akasema. "Mimi nilisikia tu hiyo mlio, nikaingia chini ya meza. Nilitoka wakati watu walikuwa wamejaa." Watu waliomzunguka walimcheka, naye akacheka pia.

Kisha mke wa Musyoka, Mama Ndunge, akaniita chumba cha nyuma. Alikuwa hajalala. Alinipa chai. Hakutaka kuzungumza juu ya bastola. Alitaka kujua kama yule kijana alikuwa na mama. Nikiwa huko ndani naye, nilisikia sauti ya Mzee Shee dukani: "Hapa giza, Bwana Musyoka. Uso hautatoka. Hebu sogea kwenye mwangaza."

Siku iliyofuata picha ilikuwa ukurasa wa mbele, kubwa kama mlango. Musyoka amesimama nje ya duka, jua limempiga vizuri, kofia kichwani, mkono umenyooka, bastola inaelekea barabarani pale kijana alipoangukia. Na anatabasamu. Juu waliandika SIMBA WA DAGORETTI. Chini waliandika: Hapa ndipo alipomwangusha.

Katika habari yangu nilikuwa nimeandika wazi kwamba alikuwa nyuma ya kaunta. Sentensi hiyo haikuwemo. Nilikwenda kwa mhariri, gazeti mkononi, damu imenipanda.

"Rukia, tumia akili," akasema. "Msomaji anaona mtu yuko nje. Halafu asome kaunta? Atasema tumelewa."

"Basi badilisha picha."

"Picha nzuri kama hii?"

Gazeti lile liliisha mjini kabla ya adhuhuri. Watu walikwenda Dagoretti kumpa Musyoka mkono, na yeye, kwa haya za kizee, aliwapokea. Kwa wiki chache alikuwa mtu mkubwa. Kisha polisi wakaja wakamchukua. Shitaka lilikuwa la kuua kwa kukusudia, na adhabu yake mnaijua. Serikali ilisema kijana alikuwa ameshatoka dukani, anakimbia kuokoa roho yake, na Musyoka alimfuata nje akampiga. Daktari hakuweza kusaidia upande wowote. Risasi iliingia ubavuni, na mtu anayeparamia kaunta na mtu anayegeuka kukimbia wote wana ubavu. Panga halikuonekana. Wenzake hawakuonekana. Lililoonekana, na kila mtu nchini alikuwa ameliona, lilikuwa gazeti letu.

Nilimwendea Mzee Shee katika chumba chake cha giza, anakosafishia filamu. Nilimwambia aende kwa wakili wa Musyoka akaseme ukweli wa picha ile. Wakili mwenyewe alikuwa amenifafanulia: maneno yangu hayakuchapishwa, na mimi nilikuwa nyuma nakunywa chai, anayemhitaji ni aliyepiga picha.

Mzee Shee hakunitazama. Aliendelea kutikisa trei ya dawa.

"Mimi ni mpiga picha, mwanangu. Si shahidi."

"Watamnyonga, Mzee."

"Hawatamnyonga. Mahakama ina macho."

"Macho yake ndiyo hayo uliyoipa wewe."

Hapo alikasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika, kwa sababu nilimsema vibaya mtu aliyenilea kazini. Akaniuliza: akisema hii moja aliipanga, watu watasemaje juu ya zile nyingine zote? Mhariri alikuwa ameshatuita akatukataza kutoa ushahidi. Kesho, mhariri alisema, hata goli la mpira watu watadai limepangwa. Nilitoka mle ndani nikinuka dawa, na kwa muda mrefu hatukusemeshana zaidi ya salamu. Ilinichoma. Nilimpenda mzee yule kama baba, na nilimchukia, yote kwa pamoja.

Kesi ilipoanza nilipewa kuiandika, na Mzee Shee akapewa picha za ngazini. Ndani ya mahakama kupiga picha hakuruhusiwi, kwa hiyo alipomaliza kazi yake nje aliingia kukwepa jua, akakaa kando yangu. Mama wa marehemu alikuwa benchi la nyuma, amejifunga leso kiunoni. Mama Ndunge alikuwa benchi la mbele. Hawakutazamana.

Shahidi wa serikali aliyeitwa asubuhi ile alikuwa fundi viatu. Nilishtuka kumwona. Nikasema moyoni, huyu atasema nini, huyu wa chini ya meza? Akaapa, akasema alimwona Musyoka kwa macho yake. Alikuwa nje ya duka, mkono umenyooka, anaelekeza barabarani.

Nilitaka kusimama nimwite mwongo. Lakini nilimtazama vizuri, na hakuwa anadanganya. Nimesikia waongo wengi mahakamani, nawajua. Wanatazama pembeni, wanaapa mara mbili. Huyu alikuwa mtulivu kabisa. Alikuwa ameiona picha ile kila siku, ilibandikwa kwenye kibanda chake mwenyewe, na watu walipita kumuuliza ilikuwaje, naye akawaonyesha kidole palepale picha ilipoonyesha. Mwishowe aliona. Wakili wa serikali akamuuliza kama ana hakika kwamba ni mshtakiwa, maana kiza kilikuwa kinaingia.

"Nina hakika," akasema. "Nilimjua kwa kofia. Alikuwa amevaa hiyo kofia yake."

Nilisikia kitu kando yangu. Mzee Shee alikuwa ameshika mkanda wa kamera kwa mikono miwili.

"Kofia ile nilimvika mimi," akaninong'oneza. "Ana upara. Ulikuwa unang'aa juani, unaniharibia picha. Nilikwenda ndani nikaitwaa kwenye kaunta, nikamvika kwa mkono wangu."

Jioni ile alibaki ngazini kumngoja wakili wa serikali, akampiga picha yake kama alivyoagizwa. Kisha akavuka barabara peke yake, akaenda kwa wakili wa Musyoka. Asubuhi ilipofika mhariri alikuwa ameshapata habari, na Mzee Shee alikuwa hana kazi. Alitoka ofisini na kamera yake mwenyewe, mkeka wake wa kuswalia na birika. Mhariri hakupaza sauti. Alimwambia tu kwamba gazeti limesikitika.

Siku iliyofuatia kufukuzwa kwake ilikuwa zamu ya Musyoka kujibu. Wakili wa serikali alikuwa kijana hodari, mavazi yake yamepigwa pasi, sauti kama kengele. Alimpa gazeti.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi."

"Umesimama wapi?"

"Nje."

"Na bastola umeelekeza wapi?"

"Barabara."

"Marehemu aliangukia wapi?"

Musyoka alilishusha gazeti. "Barabara," akasema hatimaye. "Lakini mimi sikusimama hapo. Ni ile mzee ya picha aliniambia nisogee."

"Wewe askari wa Burma. Una bastola mkononi. Mzee mmoja wa kamera anakuambia sogea, na wewe unasogea?"

Watu walicheka. Jaji mwenyewe alishusha kichwa kuficha mdomo. Mimi nilikuwa nawatazama wale wazee watatu wa baraza waliokaa kumshauri jaji, na mmoja wao alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia kisingizio cha mtoto. Nilimwona Musyoka akishika ukingo wa kizimba, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba ameelewa anakufa kwa ajili ya nini. Alikuwa anakufa kwa sababu alikuwa na adabu kwa wageni.

Kisha wakamwita Mzee Shee. Jaji alinung'unika kwamba shahidi huyu amekuwa akikaa ndani akisikiliza, lakini akamruhusu. Mzee Shee aliapa kwa msahafu. Alieleza habari ya giza la dukani, na balbu zilizokwisha, na kofia. Alieleza kwamba alipoingia mara ya kwanza alimkuta Musyoka nyuma ya kaunta akimwonyesha mwandishi aliposimama, na kwamba yeye, Shee bin Bakari, ndiye aliyemtoa pale. Alisema polepole, Kiswahili chake cha Lamu kikiwapotea watu kidogo. Sikujua kama kinawaingia.

Wakili wa serikali alisimama akiwa bado na tabasamu la awali.

"Mzee, unataka mahakama iamini kwamba mtu mzima, katika jambo la mauti, anaweza kusimama mahali pa uongo kwa sababu tu umemwambia?"

"Naam."

"Mtu yeyote?"

Mzee Shee alimtazama kwa upole. Hakuwa na hila usoni, nawaapia. Nadhani ndipo alipokumbuka.

"Bwana, gazeti la jana unalo?"

Wakili alikuwa nalo mezani, kwa kuwa alikuwamo. Mzee Shee akamwomba alitazame. Picha ilimwonyesha wakili akipanda ngazi za mahakama, kifua mbele, mafaili kwapani, na chini imeandikwa: Wakili wa serikali akiingia kuanza kesi.

"Ulikuwa unaingia, bwana?"

Wakili aliinua macho kwa jaji.

"Ilikuwa jioni," Mzee Shee akamwambia jaji, kwa adabu. "Alikuwa anakwenda kwake. Jua lilikuwa nyuma yake, uso hautoki. Nikamwomba arudi chini, ageuke, apande. Akarudi, akageuka, akapanda. Hakuniuliza kwa nini. Si kosa lake, bwana jaji. Hawaulizi."

Hakuna aliyecheka. Hiyo ndiyo niliyoikumbuka miaka yote, kwamba hakuna aliyecheka. Wakili alilikunja gazeti taratibu, akasema hana swali lingine, akaketi. Yule mzee wa baraza aliyetikisa kichwa aliomba aletewe picha ya Simba wa Dagoretti tena, akaiweka mbali na macho yake, akaitazama kwa muda mrefu.

Musyoka aliachiliwa. Wazee wote watatu walisema hana hatia, na jaji akakubaliana nao. Mama wa marehemu alitoka kwanza, peke yake, na hakuna kamera iliyomgeukia. Hata mimi nilikumbuka baadaye mno kwamba sikumuuliza jina. Mama Ndunge aliketi tu, hakuinuka, mpaka mumewe alipokuja kumshika mkono. Nililia. Mwandishi haruhusiwi kulia kazini, lakini buibui lina faida zake.

Mngedhani hadithi imeisha. Ndivyo ilivyoisha kwenye magazeti. Siku ya pili nilifungua letu, nikakuta SIMBA HURU, na chini yake picha ileile, kubwa kuliko mwanzo. Nje ya duka. Kofia. Bastola inaelekea barabarani. Nilikwenda kwa mhariri sina hata nguvu ya kugomba. Nikamwambia mahakama imekaa siku zote hizo kusema picha hii si kweli.

"Najua," akasema. "Lakini ndiyo watu wanayoijua."

Kwa hiyo watu wakaanza tena kwenda Dagoretti. Wengine walikwenda kumpa Musyoka mkono. Wengine waliingia, wakanunua kiberiti, wakatazama dari, wakatazama mlango wa nyuma, wakaenda zao. Polisi walikuwa wamemrudishia bastola yake, na hilo pia tulikuwa tumeliandika. Jumapili moja mchana, wakiwa kanisani, mabati ya nyumba yao yalifunuliwa. Magodoro yalichanwa, magunia yalimwagwa. Hawakuchukua sukari wala redio. Walitaka kitu kimoja, na siku hiyo Musyoka alikuwa amekwenda nacho kanisani, ndani ya koti, kando ya Biblia.

Jumatatu aliipeleka kituoni, akawaambia haitaki tena. Nilipopata habari niliiandika mistari michache, kwamba mfanyabiashara wa Dagoretti hana tena silaha dukani kwake. Mhariri aliisoma akanirudishia. Mtu kurudisha bastola si habari.

Mzee Shee alikuwa na studio kwa wakati huo, kichochoro cha River Road, anapiga picha za vitambulisho. Alikuwa amenunua taa mbili kubwa, na kila mteja aliketi pale alipochagua mwenyewe. Nilikuwa napita kunywa kahawa naye. Kwa habari ya kesi hatukuzungumza, ila mara moja aliniambia: ukifika mahali, mwanangu, tazama kwanza miguu ya watu iko wapi, na uiache hapo hapo. Hilo ndilo fundisho la ufundi nililonalo kwenu. Mengine mtayasoma vyuoni.

Miezi ilipita, Mama Ndunge akaja ofisini. Alipanda ngazi zetu akihema, amevaa gauni la kanisani, akauliza anayeandika gazeti ni nani. Nilimkalisha kwenye kiti changu. Alisema wanakuja bado. Jioni wanapita wakiangalia, na mumewe hafungi tena macho, anakaa nyuma ya kaunta na rungu. Alisema tuandike kwamba hawana kitu. Mhariri alitoka chumbani kwake, akamsikiliza kwa heshima, akamweleza kwamba gazeti halina nafasi kwa wiki hii, na kwamba aende polisi.

"Nilienda," Mama Ndunge akasema. "Bunduki tuliwapelekea, walipokea."

Akafungua mkoba wake, akatoa lile gazeti, limekunjwa mpaka mikunjo imekuwa myeupe. Akalitandaza mezani, akalilainisha kwa viganja. Mumewe akatutazama akitabasamu, mkono umenyooka.

"Na hii," akauliza, "tunarudisha wapi?"